Fomula Haikuandikwa kwa Kiingereza

Yako maneno ambayo sisi walimu wa Kiswahili tumeyazoea hata hatuyasikii tena yanapotutoka vinywani. Mojawapo ni hili: kwamba lugha yetu ni ya hadithi, mashairi na methali, na kwamba sayansi ina lugha yake. Asemaye hivyo hudhani kwamba anaisifu fasihi. Kumbe anaifungia lugha katika chumba kimoja cha nyumba yake yenyewe, na ufunguo anamkabidhi mtu mwingine. Makala haya yanakusudia kuupinga usemi huo kwa kulitazama somo moja dogo, ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hukutana nalo mapema: ioni na fomula za kikemia. Na mahali pa kulipimia somo hilo tumepachagua makusudi, napo ni Rugerero.

Rugerero ni sekta ya wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda, jirani na mji wa Gisenyi. Mto Sebeya hupita huko ukiteremka kwenda Ziwa Kivu. Ng'ambo ya mpaka uko mji wa Goma, na nyuma ya Goma umesimama Nyiragongo, mlima wa moto. Nyumbani mtoto wa Rugerero husema Kinyarwanda; sokoni na mpakani husikia Kiswahili; darasani hufundishwa kemia kwa Kiingereza. Wazazi wake, kama walisoma, walifundishwa kwa Kifaransa, kwani ni mwaka 2008 serikali ilipoamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, na ni somo shuleni. Lakini ni somo linalokaa peke yake, halibishi hodi kwenye mlango wa darasa la pili. Mwalimu wa Kiswahili hufundisha ngeli na barua ya kirafiki. Mwalimu wa kemia hufundisha ioni. Na mwanafunzi aliye katikati yao huachwa ajiunganishie mwenyewe.

Huenda mtu akauliza: mbona kuhangaika na ioni mahali ambapo watu wana mashamba ya kulima na biashara ya mpakani ya kushughulikia? Jibu ni kwamba watu wa pwani ile wanaishi juu ya kemia. Katika maji ya chini ya Ziwa Kivu mna gesi zilizoyeyuka ambazo, zikipimwa kwa hali ya juu ya nchi, ni takriban kilometa za ujazo 300 za kabonidioksidi na 60 za methani. Methani hiyo ni mali: tangu miaka ya 1960 ilivunwa Rubona, karibu na Gisenyi, ikatumiwa na kiwanda cha bia, na mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi ulizinduliwa kuzalisha umeme wa megawati 26. Lakini gesi hiyo hiyo ni hatari. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno kuliko Kivu, lilitoa kabonidioksidi yake kwa ghafula usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa.

Sasa, ni nini kinachoifanya gesi ya Kivu itulie chini? Sehemu kubwa ya jibu ni ioni. Maji ya chini ya ziwa yana joto kidogo zaidi kuliko ya juu, na kwa kawaida maji yenye joto hupanda. Haya hayapandi, kwa kuwa yamebeba chumvi nyingi zilizoyeyuka pamoja na kabonidioksidi: ioni za magnesiamu, sodiamu, potasiamu na kalsiamu, na pamoja nazo hidrojenikaboneti. Uzito huo umeyalaza chini ya maji mepesi ya juu, na gesi imelala pamoja nayo. Mtoto wa Rugerero anapokariri darasani kwamba Mg²⁺ ni ioni chanya, hakuna anayemwambia kwamba ioni hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyoilinda nyumba yake. Hilo ndilo shtaka letu la kwanza: tumeacha elimu inayomhusu mtoto huyu ipite kichwani mwake kama wimbo wa lugha asiyoijua.

Shtaka la pili ni zito zaidi, kwa sababu linahusu neno letu wenyewe. Waswahili wa Goma na Gisenyi huita mazuku ile hewa mbaya inayojikusanya kwenye mabonde na mashimo ya ardhi ya volkano, ikaua mbuzi, mbwa, na mara nyingine watu. Wataalamu wa volkano wa mataifa mbalimbali wamelichukua neno hilo wakaliandika katika makala zao kama lilivyo. Wao wamekopa kutoka kwetu. Sisi tumeshindwa kulifundisha. Maana mazuku ni kabonidioksidi, na fomula yake, CO₂, inaeleza kwa nini hukaa chini. Kaboni ina uzito wa 12, oksijeni 16; kaboni moja na oksijeni mbili ni 44. Hewa ya kawaida kwa wastani ni kama 29. Kilicho kizito hushuka shimoni, na aliyelala chini huivuta kabla ya aliyesimama. Methani ni CH₄, yaani 12 na 4, jumla 16, hiyo hupanda. Hesabu hii ni ya mtoto wa miaka kumi na minne. Akiielewa, anajua kwa nini haifai kumlaza mdogo wake kwenye bonde la namna hiyo, na anaweza kumweleza bibi yake. Akiikariri bila kuielewa, anajua tu kwamba itaulizwa kwenye mtihani.

Tuje kwenye hoja inayotolewa mara nyingi kupita zote: kwamba kemia imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo ifundishwe kwa Kiingereza. Hoja hii haina msingi, na fomula yenyewe ndiyo shahidi. Alama ya sodiamu ni Na. Alama ya potasiamu ni K. Mtoto wa Kiingereza anapoziona herufi hizo hapati msaada wowote kutoka katika lugha ya mama yake, kwa kuwa hazimo katika majina ayajuayo. Zilitoka katika majina ya Kilatini, natrium na kalium, kwa utaratibu wa alama uliowekwa na Berzelius wa Uswidi mwanzoni mwa karne ya 19. Na natrium yenyewe imetoka wapi? Imetokana na natroni, magadi ya Misri, ambayo Wamisri wa kale waliyatumia kukaushia maiti. Kalium imetokana na neno la Kiarabu, alkali, lenye maana ya majivu ya mimea. Basi herufi mbili anazoziogopa mtoto wa Rugerero zina asili ya magadi ya Afrika na majivu ya jikoni. Waingereza walizikuta kama sisi tulivyozikuta, wakazieleza kwa lugha yao. Wajerumani wakazieleza kwa yao, Wajapani kwa yao. Fomula ni maandishi ya watu wote. Maelezo ndiyo yenye lugha.

Hata neno ioni lina historia ya namna hiyo. Faraday alipolitumia mwaka 1834 alilichukua katika Kiyunani, likiwa na maana ya kitu kiendacho, kwa sababu aliona kwamba umeme ukipitishwa katika maji ya chumvi vipo vitu vinavyokwenda upande huu na vingine upande ule. Ioni ni msafiri. Mwingereza wa 1834 hakuwa na neno hilo kwao. Alilikopa na akalieleza. Kwa nini kukopa kwake kuwe elimu, na kukopa kwetu kuwe dalili ya umaskini wa lugha?

Ndugu walimu, tusibishane kwa nadharia tupu. Na tulifundishe somo lenyewe hapa hapa, tuone kama Kiswahili kitatuangusha njiani.

Atomi ya sodiamu ina protoni 11 zenye chaji chanya na elektroni 11 zenye chaji hasi. Hesabu ni sawa kwa sawa, kwa hiyo atomi haina chaji. Elektroni moja iko ukingoni peke yake, nayo ni rahisi kutoka. Ikitoka, zinabaki elektroni 10 mbele ya protoni 11: atomi imekuwa ioni yenye chaji chanya moja, Na⁺. Atomi ya klorini ina protoni 17 na elektroni 17, na ukingoni mwake imebaki nafasi moja tu. Ikipokea elektroni, inakuwa ioni ya kloridi, Cl⁻. Chanya na hasi huvutana. Mmoja ametoa moja, mwingine amepokea moja, deni limelipika: NaCl, chumvi ya mezani. Magnesiamu hutoa elektroni mbili. Klorini moja haina nafasi ya kuzipokea zote mbili, basi hutakiwa mbili: MgCl₂. Aluminiamu hutoa tatu, na salfeti hubeba chaji hasi mbili. Tatu na mbili hazilingani; lakini aluminiamu mbili zina chaji chanya sita, na salfeti tatu zina chaji hasi sita. Kwa hiyo Al₂(SO₄)₃. Mabano yanatuonya kwamba ile tatu ni ya salfeti nzima, wala si ya oksijeni pekee.

Msomaji na ahesabu mwenyewe. Maneno ya kigeni katika aya hiyo ni machache: atomi, protoni, elektroni, ioni, chaji, na majina ya elementi zenyewe. Hayo ni ya kigeni vile vile kwa mtoto wa London siku ya kwanza ayasikiapo. Lakini kutoa, kupokea, kubaki, kuvutana, ukingo, nafasi, deni, kulingana, hayo yote ni maneno yetu ya kila siku, na humo ndimo fikra ilimokaa. Anayeambiwa kwa lugha asiyoimudu hupata majina na kukosa vitenzi. Ndiyo maana huandika AlSO₄ bila wasiwasi: majina anayo, ila hajapata kuambiwa, kwa maneno yanayomwingia, kwamba deni ni lazima lilipike.

Na hiyo Al₂(SO₄)₃ si mfano wa mbali. Ni dawa itumiwayo sana duniani kuyasafisha maji yenye matope. Chembe za udongo zina chaji hasi na husukumana, kwa hiyo hazitulii. Ioni ya aluminiamu, yenye chaji chanya tatu, huwezesha chembe hizo kushikamana zikawa nzito na kuzama. Atazamaye rangi ya Sebeya baada ya mvua hahitaji kuelezwa matope ni nini. Na Mei 2023, mafuriko na maporomoko yalipoua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, Sebeya ulikuwa miongoni mwa mito iliyofurika. Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi wanaijua shabu, jamaa ya chumvi hiyo, nao waliitumia kutulizia maji kabla ya shule yoyote ya kemia kufunguliwa. Lugha yetu ina shabu, magadi, chokaa, shura, kiberiti, zebaki na mrututu. Haya ni majina ya vitu vya kemia, yamo katika kamusi zetu, na wengi wetu hatujapata kumweleza mwanafunzi kwamba mrututu ule wa buluu ni salfeti ya shaba, CuSO₄ iliyoshika maji. Kisha twasema lugha haina msamiati!

Tena kuna jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili analiweza kuliko mwalimu mwingine yeyote. Kemia hutofautisha vitu kwa silabi za mwishoni. Salfidi ni S²⁻, salfaiti ni SO₃²⁻, salfeti ni SO₄²⁻. Klorini ni gesi yenye sumu, iliyoua askari huko Ypres mwaka 1915. Kloridi imo katika chumvi tuilayo. Floridi kidogo hulinda meno, na ikizidi huyatia madoa na kuiharibu mifupa. Na maji ya mvua yanayokingwa chini ya moshi wa Nyiragongo yamepimwa yakakutwa na floridi nyingi. Silabi moja, na maana imegeuka. Je, si hilo tunalolifundisha kila siku tunapoeleza piga, pigia, pigwa, pigana na pigisha? Kinyarwanda nacho ni lugha ya Kibantu, na vitenzi vyake hunyambuliwa kwa njia hiyo hiyo. Mtoto wa Rugerero ameingia darasani akiwa na chombo hiki tayari mkononi. Sisi ndio tuliompokonya, tukamwambia kwamba viambishi ni vya saa ya lugha tu.

Yapo mapingamizi yanayostahili heshima, nasi hatuna budi kuyajibu.

La kwanza ni la mitihani. Mtihani wa taifa ni kwa Kiingereza. Je, hatutamchelewesha mtoto? Sivyo. Aliyeelewa kwa nini magnesiamu hutaka kloridi mbili hupungukiwa na maneno tu, na maneno hufundishika kwa juma moja. Aliyekariri maneno bila kuelewa hupungukiwa na kila kitu, na hajui kwamba amepungukiwa. Hatusemi kitabu cha Kiingereza kitupwe. Twasema kisitangulie fahamu.

Pingamizi la pili ni la Kinyarwanda. Lugha ya mama huko Rugerero ni Kinyarwanda. Kwa nini basi Kiswahili? Swali hili ni la haki, na mwalimu wa Kiswahili anayelikasirikia anageuka kuwa mkoloni mdogo. Kinyarwanda kina umunyu kwa chumvi na ishwagara kwa chokaa, ile ambayo mkulima huimwaga shambani kupunguza asidi ya udongo. Maneno hayo yaingie darasani kwa heshima zote, na pale ambapo Kinyarwanda hufafanua vizuri zaidi, kitumike. Lakini ziwa ni la nchi mbili. Mtoto wa Goma hufundishwa kemia kwa Kifaransa, mtoto wa Rugerero kwa Kiingereza; wakikutana sokoni huongea Kiswahili. Gesi iliyo chini ya maji haiulizi pasipoti. Siku onyo litakapotakiwa kutolewa kwenye pwani zote mbili, lugha itakayoeleweka na wengi pande zote ni ipi? Na onyo lisiloambatana na maelezo huitwa uvumi.

Pingamizi la tatu hutoka ndani ya nyumba yetu, na kwa hilo sina upole. Wapo wenzetu wanaodhani kwamba kazi yote ni kuunda istilahi. Hubishana mwaka mzima kama ni sodiamu au natiri, kama ioni inafaa au lazima litafutwe neno la Kibantu safi, na wakimaliza huchapisha orodha. Orodha ni njema. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, nayo ilikuwa kazi ya kustahi. Lakini tutazame nyuma. Tanzania ilifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kwamba sekondari zifuate kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Tangu hapo tumezoea kuilaumu serikali, na lawama hiyo ina haki yake. Ila haijibu swali hili: katika miaka hiyo yote, ni nani aliyetukataza kuandika? Kueleza ioni kwa kurasa nne za Kiswahili kizuri hakuhitaji amri ya waziri. Tumegombea majina, tukasahau maelezo. Jina bila maelezo ni kibuyu kitupu. Kikipigwa hulia, lakini hakikati kiu.

Basi kifanyike nini? Mambo matatu, na yote yamo katika uwezo wetu.

Kwanza, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kemia wa shule moja wakae pamoja, hata mara moja kwa muhula. Wachague mada moja, waieleze kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi, kisha wairejee kwa lugha ya mtihani. Wa kwanza atajifunza kemia kidogo, na haitamdhuru.

Pili, vifungu vya ufahamu tunavyowapa wanafunzi visiwe kila siku juu ya sungura na fisi. Kifungu kimoja kieleze kwa nini maji ya chini ya Kivu hayapandi, kingine, mazuku, kingine, safari ya chumvi kutoka ziwani Magadi. Na insha iwe hivi: mweleze mama yako kwa nini maji ya chumvi hupitisha umeme, na ya sukari hayapitishi. Mwanafunzi atakayeiandika vizuri atakuwa amefaulu masomo mawili kwa kalamu moja.

Tatu, alama tusiziguse. Na, K, Cl na wenzao zibaki kama zilivyo duniani kote. Atakaye kuzitafsiri herufi za fomula ataitenga lugha na ulimwengu, na atawapa maadui wa Kiswahili sababu ya kucheka.

Methali husema kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Ioni ni mgeni aliyekwisha kufika; yumo katika chumvi yetu, katika maji ya Sebeya, katika kilindi cha Kivu. Hakuja kutafuta mkalimani wa Kiingereza. Mwenyeji ndiye aliyenyamaza. Kila muhula tunaponyamaza, darasa jingine la Rugerero hutoka likiwa na majina kichwani na bila vitenzi, likirudi kwenye nyumba zilizo juu ya ziwa lile.

Anayeona kwamba nimekosea na alete hoja zake. Lakini azilete pamoja na kurasa nne za Kiswahili, akieleza ndani yake kitu kimoja cha sayansi hadi mtoto akielewe. Hapo tutakuwa tunabishana kama walimu.